NANI AMEKURUHUSU KUKAA HAPO? Historia ya kupimwa kwa mtafuta elimu, kutoka halaka ya msikitini hadi shahada ya uzamivu



Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu, vijana wetu wengi siku hizi wanasoma shahada ya uzamivu, ile ambayo mtu akiimaliza anaitwa Daktari. Wako Dar es Salaam, wako Nairobi na Kampala, wako Madina, wako Malaysia, wako Uingereza. Ukikaa nao ukawasikiliza, mara chache utamsikia mtu analalamika kuwa somo ni gumu. Wanacholalamikia ni kukaguliwa. Ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi kadhaa. Fomu isiyopita bila saini ya msimamizi. Pendekezo la utafiti kutetewa mbele ya jopo, likarudishwa, likatetewa tena. Sura moja ya tasnifu kukaa mezani kwa mtu nusu mwaka. Na mwisho wa yote, kazi ya miaka minne au mitano inapelekwa kwa watahini ambao mwanafunzi hajapata kuwaona, kisha anaitwa chumbani kuulizwa maswali kama mshitakiwa.

Na wapo wanaosema maneno haya: "Wanachuoni wetu wa zamani hawakuwa na mambo haya. Mtu alisoma kwa ajili ya Allah, Allah akimfungulia anafundisha. Haya ya kukaguana yameletwa na wazungu." Maneno matamu masikioni. Lakini fungua vitabu vya tarajim, vile vinavyosimulia maisha ya maulamaa, utakuta kila ukurasa una mtu anapimwa. Tena anapimwa kwa ukali ambao baadhi yetu leo tungeuita uonevu. Basi leo tupite pamoja katika historia hiyo. Makala ni ndefu, asiye na nafasi sasa aihifadhi aisome usiku.

Tuanzie Iraq, katika mji wa al-Kufah, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Imam Abu Hanifa, rahimahullah, aliyezaliwa mwaka 80 Hijria, alikuwa mwanafunzi wa Hammad bin Abi Sulayman. Amepokewa akijisimulia mwenyewe kwamba baada ya kukaa na sheikh wake miaka kumi, nafsi ilimtamanisha uongozi. Akaona sasa anatosha, aanzishe halaka yake. Jioni moja akaingia msikitini kwa nia ya kujitenga, lakini alipomwona Hammad moyo ukamkatalia, akaenda kukaa naye kama kawaida. Usiku ule ule Hammad akaletewa habari kuwa jamaa yake amefariki Basra, ameacha mali, na hana mrithi mwingine. Akamwambia Abu Hanifa akae mahali pake, naye akasafiri.

Sasa angalia alichokifanya. Hammad hakuwapo kwa miezi miwili. Watu walileta masuala ambayo Abu Hanifa hakuwahi kuyasikia kutoka kwa sheikh wake. Akawa anajibu, na kila jibu analoandika anaweka akiba. Hammad aliporudi, akamtolea majibu yote, masuala kiasi cha 60. Sheikh akayapitia moja baada ya jingine. Akamkubalia 40, akampinga katika 20. Abu Hanifa akala kiapo kwamba hamwachi Hammad mpaka mauti yawatenganishe. Na alitimiza. Hammad alifariki mwaka 120 Hijria, na jumla ya miaka ambayo Abu Hanifa alikaa naye ni 18.

Ndugu yangu unayelalamikia ripoti ya maendeleo, hiyo ndiyo ripoti ya maendeleo. Hakuna aliyemwamrisha kuandika. Hammad hakuacha fomu. Angeweza kujibu watu miezi miwili, sheikh akirudi amwambie "alhamdulillah mambo yalikwenda vizuri" na habari ikaishia hapo. Yeye aliweka kumbukumbu ya kazi yake ili mtu anayemzidi aikague. Na hesabu yenyewe tazama: 40 kati ya 60 ni thuluthi mbili. Katika vyuo vyetu vingi mtu akipata thuluthi mbili anapita, anachinja na mbuzi. Abu Hanifa yeye aliziangalia zile 20. Kwa sababu kila moja katika hizo ni mtu aliyekuja na shida yake ya talaka au mirathi au biashara, akaondoka na jibu ambalo mwalimu asingelikubali. Huko ndiko kwenye uzito wa jambo. Mtafiti akikosea, hakosei peke yake.

Karne moja baadaye tunakutana na mtihani wa mdomo ulio maarufu kuliko yote katika historia yetu. Imam Bukhari, rahimahullah (194 hadi 256 Hijria), aliingia Baghdad na sifa zake zimeshamtangulia. Watu wa Hadithi wa mji ule hawakutosheka na sifa. Khatib al-Baghdadi ameisimulia habari hii katika Taarikh yake. Walichukua Hadithi 100, wakazivuruga: sanad ya Hadithi hii wakaibandika kwenye matini ya ile, na ya ile kwenye hii. Wakawapa watu kumi, kila mmoja Hadithi kumi, wakapanga siku ya majlisi mbele ya watu wengi, wenyeji na wageni kutoka Khurasan. Akasimama wa kwanza akamsomea moja moja, na Bukhari kila ikisomwa anasema haijui. Wa pili hivyo hivyo, mpaka watu kumi wakamaliza. Wasiojua wakaanza kumdharau. Wanaojua wakaangaliana, maana walishaona kuwa mtu amefahamu mchezo. Walipokwisha akamgeukia wa kwanza, akamrudishia Hadithi zake kumi kama alivyozisoma kwa makosa yake, kwa mpangilio wake, kisha akairejesha kila sanad kwa matini yake. Halafu wa pili. Mpaka zikatimia 100. Ibn Hajar alilitazama jambo hili akasema kwamba kusahihisha si ajabu, kwani mtu alikuwa hafidh. Ajabu ni kuyahifadhi makosa yao kwa mpangilio wao kwa kusikia mara moja tu.

Kwangu mimi kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo wasimuliaji wengi wanalipita haraka. Bukhari hakukasirika. Hakusema "mimi na umri wangu na safari zangu zote mnanijaribu?" Alikaa akasikiliza makosa 100 kimya. Kijana anayetetea tasnifu yake akiulizwa swali la tatu tu anaanza kutetemeka kwa hasira, anaona mtahini ana chuki naye. Mji wa Baghdad haukuwa na chuki na Bukhari. Ulikuwa unataka kujua kama utaweza kuchukua dini yake kutoka kwake.

Zilipokuja madrasa za waqfu, kama Nidhamiyya ya Baghdad iliyofunguliwa mwaka 459 Hijria (1067), mambo yakawekewa ngazi. Mwanafunzi alikuwa mubtadi, anayeanza. Kisha mutawassit, wa kati. Kisha muntahi, aliyefika mwisho. Palikuwa na mudarris, na chini yake palikuwa na muid, anayerudia somo na wanafunzi mpaka liwakae. Imam Taajuddin Subki (aliyefariki mwaka 771 Hijria) ana kitabu kinachotaja kila mwenye wadhifa na haki za wadhifa wake, na muid hakumsahau. Anasema, kwa maana yake, kwamba muid ana wajibu zaidi ya kusikiliza darsa. Lazima awafahamishe wanafunzi na kuwafaa, la sivyo yeye na mwanafunzi ni sawa na hana alichokishukuru katika nafasi yake. Wasimamizi wa leo mnaosoma hapa, na najua mpo, someni sentensi hiyo mara mbili.

Aliyemaliza masomo ya msingi ya fiqhi, kiasi cha miaka minne hivi, ikiwa anataka kuendelea alimganda sheikh mmoja. Hii wanaiita mulazama, na iliweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Katika muda huo alikuwa anaandika taliqa. Taliqa ni daftari la mtafiti: anachukua darsa za sheikh wake, anaongeza masuala yenye khilafu, anapanga hoja za kila upande, na ikikomaa inakuwa kitabu chake mwenyewe. Imam Ghazali, rahimahullah, akiwa kijana alikwenda Jurjan akaandika taliqa yake huko. Akiwa njiani kurudi Tus, majambazi wakaupora msafara. Subki anasimulia kwamba Ghazali aliwafuata akimwomba mkubwa wao amrudishie madaftari yake tu, hayana faida kwao, na yeye amesafiri kwa ajili ya kuyaandika na kuijua elimu iliyomo. Yule jambazi akamcheka: unadai vipi kuwa unaijua elimu hiyo, na sisi tumeichukua ukabaki huna elimu? Akamrudishia. Ghazali akaona ni Allah aliyelitamkisha jambazi lile, akakaa Tus miaka mitatu akaihifadhi taliqa yote kichwani. (Wewe ambaye tasnifu yako nzima imo kwenye kompyuta moja, kisa hiki kinakuhusu mara mbili. Weka nakala nyingine leo.)

Mtahini mkali kabisa wa Ghazali, basi, alikuwa mwizi. Swali alilomuuliza ndilo linaloulizwa katika kila utetezi wa tasnifu mpaka leo: haya yaliyoandikwa hapa yamo ndani yako au yamo kwenye karatasi tu?

Baada ya taliqa kulikuwa na munadhara. Mwanafunzi anatoa msimamo, mwenzake anauvunja, naye anaujenga tena, mbele ya sheikh na watu. Mwisho wa safari hiyo ndipo alipopewa ijaza ya kufundisha na kutoa fatwa. Mwanahistoria George Makdisi aliandika kitabu mwaka 1981 kuhusu madrasa hizi, akasema kwamba ijaza hii ndiyo asili ya shahada ya udaktari iliyochipuka baadaye katika vyuo vya Ulaya: taliqa ikawa tasnifu, munadhara ikawa utetezi. Wapo wanahistoria waliompinga. Wanasema vyuo vya Ulaya vilikuwa jumuiya zenye hadhi ya kisheria, na shahada ilitoka kwa jumuiya, wakati ijaza ilitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Mimi sioni haja ya Muislamu kushupalia kuwa kila kitu kilianzia kwetu. Ila hiyo tofauti waliyoitaja wapinzani ni ya kweli, na ina faida kubwa kwetu, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Ijaza haikutolewa na khalifa wala waziri. Nidham al-Mulk, aliyejenga Nidhamiyya kwa mali nyingi, aliweza kumteua mudarris na kumuuzulu, lakini hakuweza kumfanya mtu kuwa alim. Aliyeweza ni alim mwenzake, kwa jina lake, akijua kwamba jina hilo litakwenda na mwanafunzi kila anapokwenda. Mwanafunzi akiharibu, watu watauliza: nani aliyemruhusu huyu? Imam Malik amepokewa akisema kuwa hakukaa kutoa fatwa mpaka watu 70 katika wenye elimu waliposhuhudia kuwa anastahiki. Hawakumpa karatasi 70. Walimpa ushahidi, na mwenye kutoa ushahidi ataulizwa.

Na pale ushahidi ulipogeuka karatasi, kitu kiliharibika. Hili lazima tulisema kwa uadilifu, tusiisifu historia yetu tu. Katika karne za baadaye ijaza za kupokea Hadithi zikaanza kutolewa kwa barua kwa mtu ambaye sheikh hajamwona. Zikatolewa kwa watoto wachanga ili sanad iwe fupi wakikua. Wengine wakatoa ijaza ya jumla, kwa kila Muislamu aliye hai zama zao! Ibn Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria), mwenye Muqaddima maarufu ya elimu ya Hadithi, hakuipenda hii ya jumla. Alisema ijaza kwa asili yake ina udhaifu, na kwa kupanuliwa namna hii udhaifu unazidi. Kwa hiyo ugonjwa wa vyeti visivyo na elimu nyuma yake haukuanza na intaneti. Tumewahi kuugua, na waliougundua ni maulamaa wetu wenyewe.

Njoo sasa Misri. Mpaka katikati ya karne ya 19, al-Azhar haikuwa na mtihani rasmi wa mwisho. Aliyejiona ametosha alikwenda akakaa kwenye nguzo mojawapo ya msikiti akaanza kudarisisha. Usidhani ilikuwa rahisi. Maulamaa na wanafunzi walikuja wakamzunguka wakamrushia masuala. Akisimama imara, nguzo ni yake. Akishindwa, anaondoka mbele ya macho ya watu. Lakini wanafunzi wakawa maelfu, nguzo nazo zikakaliwa na watu ambao hakuna aliyewauliza kitu. Mwaka 1872, chini ya Sheikh Muhammad al-Abbasi al-Mahdi, ikatoka sheria ya mtihani wa shahada ya al-alimiyya: jopo la maulamaa sita, kutoka madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii, fani 11, na matokeo ya daraja tatu. Mwaka 1896 ikaongezwa sheria nyingine: miaka 12 ya masomo kabla ya kuruhusiwa kuingia mtihani wa alimiyya, na shahada ndogo ya ahliyya kwa aliyefikisha miaka minane.

Je, jopo liliondoa dhulma? Hapana. Mwaka 1877 aliingia mtihanini kijana aitwaye Muhammad Abduh, ambaye alikuwa anakaa na Jamaluddin al-Afghani na kusoma falsafa. Baadhi ya watahini waliingia chumbani wameshaamua asipite. Sheikh al-Abbasi, mwenyekiti wao, aliyaona majibu yake akasimama upande wa haki. Wakavutana, mwisho akapewa daraja ya pili. Kijana huyo mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri. Mwingine ni Taha Hussein, kipofu aliyesoma al-Azhar miaka mingi akaangushwa katika alimiyya. Mwenyewe amesimulia katika kumbukumbu zake kwamba uamuzi wa kumwangusha ulipitishwa kabla hajaulizwa swali. Akahamia Chuo Kikuu cha Misri kilichofunguliwa mwaka 1908, na mwaka 1914 akawa wa kwanza kupata udaktari hapo, kwa utafiti juu ya mshairi Abul Alaa al-Maarri. Mengi aliyoyaandika baadaye siyatetei, na maulamaa wameyajibu. Lakini mtu huhukumiwa kwa jibu alilolitoa mtihanini, siyo kwa jibu unaloogopa atalitoa miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo nguzo ilikuwa na kasoro yake, na jopo lina kasoro yake. Nguzoni ilikuwa hatari ya kupita asiyestahiki. Kwenye jopo la mlango uliofungwa kuna hatari ya kuangushwa anayestahiki. Ndiyo maana baadhi ya nchi zimebakisha uwazi. Sweden, kwa mfano, tasnifu hutangazwa wiki kadhaa kabla ya siku ya utetezi, kwa desturi ya kuipigilia msumari ukutani, na utetezi wenyewe ni wa hadhara. Anateuliwa mpinzani kutoka chuo kingine aje aibishe hoja mbele ya watu. Ukiuona utasema hii ni munadhara.

Na huu utaratibu tunaoukuta katika vyuo vyetu umetoka wapi? Udaktari wa utafiti kama tunavyoujua ulikomaa Ujerumani, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810. Chuo cha Yale kikawa cha kwanza Marekani kuutoa, mwaka 1861. Waingereza walichelewa sana. Oxford iliuanzisha mwaka 1917, wakati wa vita, na sababu mojawapo ni kuwavuta wanafunzi waliokuwa wakikimbilia Ujerumani. Kisha Makerere ikaungana na Chuo Kikuu cha London, ikatoa shahada za London. Mwaka 1963 kikaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikagawanyika kuwa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere. Huyo mtahini wa nje anayekunyima usingizi aliingia kwetu kwa njia hiyo.

Ila pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake kabla ya London. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, rahimahullah, ametuandikia kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika. Ukikisoma utaona desturi moja: kila alim anatajwa pamoja na waliomsomesha na aliowasomesha. Hakuna anayeelea hewani. Mtazame Sheikh Abdallah Bakathir, mtu wa Lamu. Alisoma kwao, akaenda Makka, na Unguja akakaa chini ya Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija na ambaye mwenyewe alizunguka Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka akipokea kutoka kwa maulamaa. Wawili hawa walikuwa karibu rika moja. Hebu fikiria, mtu mzima anamshikia kitabu mwenziwe wa umri mmoja, anasoma mstari, mwenziwe anamsimamisha na kumsahihisha. Mwaka 1897 Sheikh Abdallah akasafiri mwenyewe mpaka Hadhramaut kwenda kwa masheikh wa sheikh wake. Akarudi Unguja, na madrasa yake ya Ukutani ikatoa makadhi na walimu wa pwani nzima. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Allah awarehemu.

Hayo ndiyo yanayonifanya niseme kwa sauti juu ya mambo mawili ninayoyaona leo.

La kwanza ni hawa wanaoandikiwa tasnifu. Yupo mtu analipa mwingine amwandikie pendekezo, amtengenezee takwimu, amwandikie sura zote, yeye anakariri muhtasari kwa ajili ya siku ya utetezi. Na wengine ni watu wa swala tano. Ndugu yangu, hiyo ni taliqa ambayo jambazi hana haja ya kukupora, kwa sababu haikuwahi kuwa yako. Na mshahara utakaoupanda kwa cheti hicho utaula wewe na watoto wako miaka 30. Muulize alim unayemwamini hukumu yake kabla hujaulizwa na Asiyehitaji shahidi. Na wewe unayeandikia watu kwa malipo, usijifiche nyuma ya neno "nasaidia".

La pili ni wasimamizi na watahini. Kumkalisha mwanafunzi miezi mitano bila kusoma sura yake, huku ada inalipwa na muda wa usajili unakwisha, ni kula haki ya mtu. Kumrudisha bila kumwambia kosa liko wapi ni dhulma nyingine. Khidhr alimwekea Nabii Musa sharti gumu, akamvumilia mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu wakaachana. Lakini hata siku ya kuachana hakumwacha hivi hivi. Alikaa akamfafanulia jambo la jahazi, la kijana na la ukuta, moja moja. Musa aliondoka akiwa amejua. Wewe unayeandika "haifai" katika ukingo wa karatasi na kuishia hapo, umefuata njia ya nani?

Nawe mwanafunzi, ikiwa kweli unadhulumiwa, kudai haki yako kwa utaratibu si utovu wa adabu. Andika tarehe uliyowasilisha kazi, hifadhi barua, peleka kwa mkuu wa idara, omba kubadilishiwa msimamizi kama kanuni zinaruhusu. Abduh alipata haki kwa sababu palikuwa na mtu mmoja mezani aliyekuwa tayari kusoma majibu. Mtafute mtu huyo. Lakini kabla hujafika huko jiulize kwanza, kwa siri kati yako na Mola wako, kama unadhulumiwa au umeambiwa ukweli. Maana vinafanana sana siku ya kwanza.

Nimalizie kwa kisa cha Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, ambacho Khatib amekipokea pia. Abu Yusuf aliugua sana, na Abu Hanifa akamtembelea, akasema maneno ya kuonyesha kwamba alikuwa anamtarajia awafae Waislamu baada yake. Abu Yusuf alipopona na maneno yale yakamfikia, nafsi ikapanda. Akafungua halaka yake mwenyewe, akaacha kuhudhuria kwa sheikh.

Abu Hanifa hakumlaani, wala hakuwakataza watu wasiende. Alimchukua mtu mmoja akamtuma na suala: mtu amempa dobi nguo aifue kwa dirhamu moja. Alipokwenda kuichukua, dobi akakana kuwa hana nguo yake. Akarudi siku nyingine, dobi akampa nguo, imeshafuliwa. Je, dobi anastahiki ujira? Akamwambia mjumbe: akisema ndiyo, mwambie umekosea. Akisema hapana, mwambie umekosea.

Mjumbe akaenda. Abu Yusuf akasema anastahiki. Akaambiwa umekosea. Akafikiri kidogo, akasema hastahiki. Akaambiwa umekosea. Akainuka saa ile ile akaenda kwa Abu Hanifa. Sheikh akamwona tu akajua: hakikukuleta isipokuwa suala la dobi. Abu Yusuf akakiri, akaomba afundishwe. Abu Hanifa akamfafanulia kwamba ikiwa dobi aliifua baada ya kuikana, hana ujira, kwa sababu alijifulia mwenyewe nguo aliyokwisha kuipora. Na ikiwa aliifua kabla ya kuikana, ana ujira wake, kwa sababu alimfulia mwenyewe.

Abu Yusuf akarudi kukaa pale pale alipokuwa anakaa, mbele ya sheikh wake. Miaka mingi baadaye, zama za Harun al-Rashid, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza katika Uislamu kuitwa Qadhi wa Makadhi.

Wallahu aalam.